Ghorofa ya Tatu

Mwaka ule ziwa Mendota liliganda mapema,
watu wakatembea juu ya maji bila kuwa manabii,
na sisi, wapangaji saba wa nyumba moja ya mbao,
tukaamini kwamba mji unaweza kugeuzwa
kama chapati, kabla haujaungua upande mmoja.

Orodha ya zamu ilibandikwa kwenye friji:
Jumatatu Marit anaosha masufuria,
Jumanne Pa Houa anapika dengu,
Jumatano mimi,
na kila Jumatano palikuwa na mkutano.
Saa tatu nzima tulibishana
kama neno haki litangulie neno nyumba kwenye bango,
au lifuate.
Dengu zikashika chini.

Mwenye nyumba alikuwa ametuma barua:
kodi itapanda kuanzia Agosti,
"kwa masikitiko," na chini yake sahihi ya muhuri.
Hata masikitiko yake hakuyaandika kwa mkono.

Mgombea wetu, Dolores Wieczorek,
dereva wa basi mstaafu, goti moja bovu,
alijua kila kituo, na nani hushuka pale akiwa hoi.
Hotuba hakuwa nayo. Alikuwa na chupa ya kahawa.
"Msiwaambie watu watumaini," alisema.
"Waulizeni bomba lipi linavuja."

Basi tukabisha hodi.
Vidole vikafa ganzi ndani ya glavu.
Namba kumi na nne, Bwana Lindquist hakufungua,
alisema nasi kupitia tundu la barua:
"Na mimi nilikuwa kijana. Tulilala siku nne
sakafuni mwa jengo la utawala.
Tulishinda kitu fulani, nimesahau nini.
Mgongo ndio haujasahau."
Kisha tundu likatema noti ya dola tano
iliyokunjwa mara nne.

Sasa niseme nililolificha.
Jumapili ya mwisho, jengo la matofali
nyuma ya duka la baiskeli,
lifti imekufa, ngazi zinanuka soksi na kabichi,
nilipanda mpaka ghorofa ya pili.
Miguu ikaniambia, inatosha.
Nikaketi. Nikatoa karatasi.
Mbele ya milango kumi na mmoja ya ghorofa ya tatu
nikaandika
hayupo, hayupo, hayupo,
kwa mwandiko mzuri kabisa.
Juu ya kichwa changu mtu alikuwa anavuta kiti.

Tulishindwa kwa kura tisa.

Usiku ule Marit alilia ndani ya taulo la vyombo.
Pa Houa alihesabu upya, kidole juu ya karatasi:
"Tisa! Ijumaa tulilisha watu zaidi ya hao
kwa sufuria moja."
Dolores aliitazama safu yangu ya hayupo,
akanitazama mimi,
akanimiminia kahawa.
Hakusema kitu.
Dereva huona mengi kwenye kioo.

Miaka miwili sasa.
Kodi imepanda tena, mara mbili.
Marit amehamia Duluth, huandika mara chache.
Dolores ana goti la chuma, anadai linatabiri theluji,
na kwa kweli hukosea mara nyingi.
Majina ya zamu yamebadilika,
sufuria ni ile ile, na doa lake jeusi.

Jioni hii walipogawa mitaa
niliomba jengo la matofali kabla hawajalitaja.
Lifti bado imekufa.
Napanda. Ya kwanza. Ya pili,
hapa ndipo nilipoketi, mtu ameacha mwavuli.
Kumbe zilikuwa zimebaki ngazi kumi na nane tu.

Nyuma ya mlango wa kwanza
kiti kinavutwa sakafuni.
Navua glavu,
ili hodi yangu isikike.